Nyongeza ya Mteja wa Kwanza

Ukutani mwa chumba cha Zamaradi, mtoto wa kike aligeuka taratibu, akashika pindo la gauni lake la njano na kucheka. Mtoto huyo hakuwapo. Hata gauni lenyewe lilikuwa bado kitambaa mezani, halijakatwa. Ile ilikuwa kazi ya Kikuzasura, mtambo mdogo kama kisosi, ambao ulichukua picha za mtoto tangu alipozaliwa, ukapima kimo cha mama na mabega ya baba, kisha ukamkuza: hivi ndivyo alivyo leo, na hivi ndivyo nguo itakavyomkaa. Mzazi aliyejilaza kwake Kihonda angefungua kioo chake cha mkononi na kumkuta mwanawe mwenyewe, si mtoto wa tangazo, amevaa nguo ambayo hajanunuliwa bado.

Jamani, nani angekataa? Basi walikataa wote.

Morogoro ya zama hizo ilikuwa imepanda mlima. Majumba yaliparamia Uluguru hadi kwenye ukungu, na katikati yake vipepeo vya mizigo, mashine ndogo za kuruka, vilipishana kutwa nzima vikipeleka unga, dawa, hata vitumbua vya moto. Hakuna aliyekwenda dukani tena. Maduka yote yalihamia Soko Anga, soko lisilo na mlango wala mtu wa kukuita "karibu, dada", na humo Zamaradi alikuwa amefungua kibanda chake, Nguo za Chipukizi. Alishona mwenyewe. Zamani alikuwa fundi wa kiwandani, mpaka mikono-chuma ilipoletwa, ile mitambo inayoshona bila kuchoka wala kuomba ruhusa ya msiba, ikamtoa yeye na wenzake wote kwa siku moja.

Na Soko Anga halikuwa na huruma. Mwezi ukiisha na kibanda hakijauza kitu, kinafutwa, na mwenyewe harudi tena. Hapo Zamaradi angebaki na kazi moja tu, ya maghala ya baridi kule bondeni, ambako wafanyakazi hulala humohumo na kuona nyumbani mara mbili kwa mwaka. Binti yake Tausi ndiyo kwanza alikuwa na miaka minne. Zamaradi aliwajua wanawake waliorudi kutoka maghalani wakakuta watoto wao wenyewe wanawaita shangazi.

Mumewe Kobelo, fundi wa kutengeneza vipepeo, alikuwa na ulimi wa utani hata siku za shida.

"Mama Tausi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe na hicho kisosi chako mmejitembeza mpaka soli zimeisha."

"Kwa hiyo nguo zangu mbaya?"

"Mie sijasema. Waliosema ni wahenga."

"Wahenga wako waje walishe mtoto, basi."

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi kuisha, Zamaradi aliuuliza mtambo kulikoni. Ukamjibu kwa ile sauti yake ya adabu, kama mhudumu wa hoteli.

"Mama, wazazi wanatazama na kupita. Mtoto wao wanaye mbele yao, hivyo picha yake haiwashtui. Niwatafute wazazi wa namna gani?"

Zamaradi aliwaza kama fundi wa nguo za watoto. Mtoto hakai saizi moja. Ukimwacha mwaka mzima bila kumnunulia, suruali inageuka kaptula na gauni linakuwa blauzi. Mzazi ambaye ameacha kununua basi amejisahau tu, na mtoto wake anabanwa kwapani saa hii hii.

"Watafute waliokuwa wakinunua nguo za mtoto, kisha wakaacha kwa muda mrefu," alisema. "Hao ndio wenye shida ya nguo. Waoneshe mtoto alivyo sasa."

"Nimeelewa, mama."

Kobelo akapiga kofi pajani. "Ee bwana! Hapo sasa ndipo penye akili ya duka." Zamaradi mwenyewe alijiona mjanja.

Kesho yake, hata jua halijakaa sawa, bangili ya simu mkononi mwake ilitetemeka. Mama Yusra, wa Bigwa. Gauni la njano, saizi ya miaka mitano. Zamaradi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kaolewa, na Tausi akacheza kiduku katikati ya vipande vya vitambaa bila kujua anachezea nini.

Gauni lilipokwisha, Kobelo aliandaa kipepeo cha kulipeleka. Mkewe akakataa katakata. Marehemu mama yake aliuza khanga maisha yake yote, naye alimfundisha kwamba mteja anayekufungulia biashara hatumiwi mtu. Mwenye duka anampelekea mwenyewe, kwa mikono miwili, na juu yake anaweka nyongeza. Na mteja huyo hafukuzwi wala pesa yake hairudishwi, la sivyo mkosi unapiga kambi mlangoni.

"Kipepeo changu kinafika Bigwa kabla hujafunga viatu," alisema Kobelo.

"Kinajua kusema ahsante?"

Akatoka. Mkobani alikuwa na gauni, na nyongeza yake: utepe wa nywele alioushona kwa kitambaa kile kile.

Mama Yusra alikuwa mwanamke mwembamba, wa rika lake, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alishangaa kuona binadamu mlangoni.

"Nilitegemea kipepeo."

"Wewe ndiye umenifungulia duka, Mama Yusra. Nikasema nije mwenyewe."

"Mungu akuzidishie, dada. Pita, pita ndani."

Nyumba ilikuwa safi. Ilikuwa safi mno, na Zamaradi aliliona hilo kabla hajakaa. Nyumba yenye mtoto wa miaka mitano huwa na michoro ukutani na kiatu kimoja chini ya kiti. Hapa hapakuwa na kitu. Labda yuko shule, akajiambia, na mama yake ni mtu wa usafi.

"Basi mwite nimjaribishe," alisema akilikung'uta gauni. "Pindo nimeliacha pana. Akirefuka tunaliachia, mwaka mwingine unapita bila kununua. Na huu utepe ni nyongeza yake."

Mama Yusra aliupokea utepe, akauzungusha kidoleni.

"Yusra tulimzika, dada. Huu mwaka wa nne. Homa ilimchukua, hata miaka miwili hajatimiza."

Zamaradi akalishusha gauni magotini. Yale maneno aliyouambia mtambo yalimrudia neno kwa neno: waliokuwa wakinunua, kisha wakaacha. Toba! Hakuwaza kwamba mzazi ana sababu nyingine ya kuacha.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe sana, mwenzangu. Mimi ndiye niliyeuambia ule mtambo. Sikujua. Nikifika nyumbani nitaufuta, na pesa yako..."

"Ufute nini?"

Swali lilitoka kali. Mama Yusra akachukua kioo chake mezani, akakishika kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, kisha akakigeuza taratibu. Ndani yake msichana wa miaka mitano aligeuka, akashika pindo la gauni la njano na kucheka.

"Tazama," alisema. "Ana mwanya. Kama baba yake. Mie nilikuwa namjua wa kuanza kutembea tu, hata huyo nilishaanza kumsahau. Naamka asubuhi natafuta sura yake, siipati. Wewe umeniletea."

"Lakini Mama Yusra, huyu siye."

"Najua siye! Unadhani nimerukwa na akili? Nilimwosha kwa mikono hii." Akainyoosha ili Zamaradi aione. "Najua kila kitu, dada. Niachie tu nimtazame. Mwakani angeanza darasa la kwanza. Sare unashona?"

Zamaradi alilia palepale kitini, mgeni akililia msiba wa mwenyeji, na mwenyeji ndiye akamletea maji. Kisha Mama Yusra akalitundika gauni kwenye msumari ulio karibu na kitanda, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja.

Bangili ikatetemeka. Zamaradi aliificha chini ya khanga, nayo ikatetemeka tena.

"Umepata mteja mwingine?" aliuliza Mama Yusra.

"Ndiyo."

Yule mama aliitazama ile bangili.

"Mpe pole," alisema.

Zamaradi aliporudi nyumbani, Kobelo alimpokea uani akiruka kama mtoto. Oda zilikuwa zinamiminika, kutoka Mazimbu, Mlimani, hadi Kilosa! Mkewe alimweleza. Kobelo akakaa chini kwenye ngazi.

Wakaingia ndani. Zamaradi alisimama mbele ya mtambo.

"Hawa walionunua, watoto wao wako hai?"

"Mama, picha zao zimesimama, na nguo zao hazinunuliwi. Lakini watoto hukua. Ndivyo ulivyonifundisha."

Aliuzima. Yule mtoto ukutani akatoweka katikati ya kicheko, ukabaki ukuta wenye ufa.

"Mwezi huu tumepona," alisema Kobelo polepole. "Mteja mmoja alitosha. Na mwezi ujao?"

"Sijui, Baba Tausi. Usiniulize."

Asubuhi yake bangili ilikuwa imejaa ujumbe. Alitegemea matusi, na angeyapokea. Hapakuwa na tusi hata moja. Baba mmoja aliuliza kama amekosea kulipa, yuko tayari kuongeza, mtoto arudishwe kiooni. Mwingine aliandika maneno matatu tu: Mwanangu yuko wapi? Mama Yusra hakuandika. Alikuja kwa miguu kutoka Bigwa, vumbi mpaka magotini, gauni la njano likiwa limekunjwa kwapani.

"Nilimzika mara moja, dada," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekukosea nini unizikishe tena?"

Zamaradi aliangalia nyuma. Tausi alikuwa amekaa sakafuni anapanga vifungo kwa rangi, anaimba. Akayakumbuka maghala. Akakumbuka pia kwamba mteja wa kwanza hafukuzwi, ingawa mama yake aliyasema hayo zama za khanga, na hakuna mahali alipomfundisha mteja wa namna hii unamfanyaje. Alimwangalia Kobelo, naye Kobelo akaangalia chini.

Akaubonyeza mtambo. Ukuta ukawaka. Mama Yusra akaingia na viatu vyake, akakaa sakafuni pembeni ya Tausi, macho ukutani.

Kibanda cha Nguo za Chipukizi hakijafutwa mpaka leo. Kina wateja wa kudumu, wanaongeza saizi kila mwaka kama wazazi wote, na sare za darasa la kwanza ndizo zinazotoka sana. Zamaradi anashona, na kila furushi analitia nyongeza. Vigelegele hajapiga tena. Bangili ikitetemeka, husema kwa sauti ya chini, "Pole," halafu anachukua mkasi.

Siku hizi wakati mwingine mikono yake inakuwa na kazi, hawahi. Basi Tausi humsemea. Akisikia mtetemo tu, anainua kichwa kutoka kwenye vifungo vyake na kuitikia kwa furaha, "Pole!" Anadhani ndivyo wenye maduka wanavyomkaribisha mteja.