Mkwe wa Pangoni

Siku ya kwanza Delfina alidhani mama yake amesahau chumvi tu.

Mama Trining alikuwa na miaka sabini na tisa na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini bado ndiye aliyepika kwenye mgahawa wao pale mdomoni mwa pango. Wageni walioshuka kwenye boti kuja kuliona pango la Lumbayan hawakuondoka bila kuonja mkono wake: samaki mbichi aliyeivishwa kwa siki na tangawizi, mwani wenye vishanga kama zabibu, na suman, wali wa kunata wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mchana ule mchuzi wake ulikuwa kama maji ya mvua.

"Mama, chumvi vipi leo?"

"Sijatia. Mkwe hali chumvi."

Delfina akacheka. Mumewe alikuwa baharia, na chumvi alikula kama kawaida. "Mkwe gani tena? Arsenio si yuko melini?"

"Si wako wewe," mama akajibu huku akifuta sahani. "Mume wa Ligaya."

Delfina akaliweka bakuli la mchuzi mezani.

Ligaya alikuwa dada yake mkubwa. Alikufa maji ndani ya pango hilo miaka ishirini na mitatu iliyopita, na kifo chake ndicho kilichojaza boti za wageni. Kila siku Delfina aliwaongoza mpaka kwenye dimbwi la ndani, akawasimulia kwa sauti ya chini jinsi mrembo wa mji alivyopendwa na jini mweupe wa pangoni, jinsi msichana alivyokuwa akimfuata jini huyo kwa siri, na jinsi alivyovua nguo siku ya mwisho akazama mwenyewe kwenda kuolewa. Wanawake walishika vifua. Vijana walicheka kichinichini. Delfina ndiye aliyeutunga uongo huo jioni ile ya msiba, na mji ukaumeza mzima. Kwa ajili ya uongo huo mama yao alitolewa kwenye kikundi cha wanawake wa kanisa, maana binti yake, walisema, alijitoa kwa jini. Mama Trining hakujitetea. Alirudi jikoni.

Siku ya pili mgahawani kukaingia harufu ya jiwe bichi na maua ya asumini, na mlio wa matone, to, to, to, wakati juani mabati yalikuwa yanachoma. Kiti kimoja kilikutwa kimevutwa nyuma, kimelowa.

Siku ya tatu, mwalimu mmoja aliyekuja na boti ya saa nne akamvuta Delfina kando.

"Dada, samahani. Yule bwana mrefu aliyekaa na bibi ana nini mdomoni?"

"Bwana yupi?"

"Yule pale! Juu ya mdomo hana kile kijishimo cha chini ya pua. Pako laini, kama yai." Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. "Mbona ananitazama hivyo?"

Delfina akageuka. Akamwona mama yake peke yake, anatabasamu mbele ya kiti kitupu, na juu ya meza, karibu na mkono wa kikongwe yule, suman moja ilikuwa inajifungua, jani likiachia mkunjo mmoja, kisha mwingine, polepole, kwa adabu, kama linavyofunguliwa na mtu mwenye vidole virefu asiye na haraka, na mama akasema kwa upole, "Kula, baba, usione haya, hapa ni kwenu."

Hapo ndipo Delfina alipomwita Bibi Sela, mkunga aliyeuza siki sokoni na kupunga mashetani alipopata nafasi. Alifika baada ya chakula cha mchana, akilalamikia magoti. Akaomba beseni la maji, akadondoshea nta ya mshumaa, akaitazama ikiganda. Alipozungumza, alizungumza kwa kunong'ona.

"Huyu hakuja kwa ubaya. Ameitwa."

"Kaitwa na nani, Bibi?"

"Na mdomo wako, mwanangu. Mara nne kwa siku. Jumapili mara sita."

"Basi mfukuze!"

"Taratibu, anasikia. Nimfukuzeje mkwe wa watu? Wewe ndiye uliyemwozesha. Mwenyewe anasema hajaoa. Anasema yule binti alifika mlangoni kwake ameshakufa. Lakini kama mji mzima unamwita mume, basi anadai heshima ya mume. Anataka kumpeleka mama mkwe akamwone mwanawe." Bibi Sela akamkazia macho. "Sasa niambie mimi. Ligaya alizama vipi?"

Delfina akafungua mdomo. Uso ulimchoma mpaka masikioni. Ulimi ukakumbuka njia yake ya zamani.

"Si kila mtu anajua? Jini alimpenda."

Nta ikapasuka vipande viwili ndani ya beseni. Bibi Sela akamwaga maji, akafunga kitambaa chake. "Dawa sina. Kamtafute mama yako."

Jikoni hapakuwa na mtu. Gauni la kanisani halikuwa kwenye msumari wake, na furushi la suman halikuwepo. Nje, maji yalikuwa yanajaa.

Akakimbia. Kwenye mdomo wa pango wageni wa boti ya mwisho na majirani watatu walikuwa wamesimama wakipiga kelele, na hakuna aliyethubutu kuingia. Mama Trining alikuwa ndani, maji yamemfika kifuani, furushi kaliweka kichwani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umenyooshwa mbele, na vidole vyake vilikuwa vimebanwa na vidole visivyoonekana mpaka vikawa vyeupe.

"Mama! Rudi!"

"Narudi jioni, Fina. Mkwe anasema ni hapo mbele tu."

Delfina akajitosa. Hatua ya tatu, kitu cha baridi kikamgusa kifuani kikamzuia, bila hasira, kama mlinzi anavyomzuia mtu asiye na ruhusa, na kila aliposukuma kilikuwa palepale, na matone ya pango zima yakanyamaza kwa pamoja, na katika ukimya ule akajua kwamba anasubiriwa aseme, yeye, hapa, mbele ya watu hawa wote walioshika simu zao, na mama yake akaenda hatua nyingine na maji yakamfika shingoni.

"Hajaolewa!" akapiga ukelele. "Mama, Ligaya hakuolewa na mtu! Jini hakumjua! Nilisema uongo!"

Mama akasimama.

"Aliingia kuokota chaza. Mimi nilitakiwa nikae kwenye jiwe, nimwite maji yakianza kujaa. Lakini yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa Malkia wa maandamano ya kanisa ya mwezi wa Mei, na mimi sikuchaguliwa. Nikasema acha alowe, nywele ziharibike, nione atatembeaje mbele ya watu. Nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwenye minazi nikamsikia ananiita. Nilimsikia, Mama. Nikaendelea kutembea."

Harufu ya asumini ikakatika kama mtu kaifunika. Vile vidole vya mama vikaachiwa, damu ikarudi. Kisha kitu kikamgeuza yule kikongwe mabegani, kwa heshima, kikamwelekeza ufukweni.

Delfina akampokea. Walipotoka, watu wakawapisha. Mgeni mmoja akashusha simu yake, akatazama miguu yake mwenyewe. Delfina angependa wamtukane.

Bibi Sela alipita nyumbani jioni, akasema jini amekwenda na hatarudi. Kesho yake wale wanawake wa kanisa wakaja na keki na macho mekundu kumwomba Mama Trining msamaha. Hakutoka kuwaona.

Asubuhi ya nne, wakichambua mchele mezani, Mama Trining akauliza bila kuinua kichwa.

"Alikuita mara ngapi?"

Delfina akafikiri kusema mara moja. "Mara tatu, Mama."

"Akisemaje?"

"Jina langu. Lile la utotoni. Fina."

Mama akaendelea kuchambua mpaka mchele wa ungoni ukaisha. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa ndani, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala.