Nyumba ya Ukuta wa Njano

Saa kumi na mbili kasoro jioni, bosi alimtuma Kisiwa akapige picha mbili ndogo za viza.

"Wahi hapo chini kabla mpiga picha hajafunga," alisema, mkoba tayari begani. "Na kesho asubuhi uniletee pasipoti yako. Wale wa kisiwani wametupa nafasi moja ya bure, siku saba, mtu wetu akatembee ajionee hoteli zao. Nikasema, nani tena zaidi ya wewe? Si ndiye mwenyeji wa kule!"

Kisiwa akacheka. Kicheko kikavu, cha koo tu.

Sasa hapa lazima niwaambie, maana yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu. Huyo mwenyeji wa kule hakuwahi kukanyaga kule. Hata uwanja wa ndege aliujua kwa kusindikiza watu.

Jina la Kisiwa alibandikwa na wenzake wa pale ofisini kwa wakala wa safari, chumba kimoja cha ghorofa ya pili chenye kaunta, kompyuta mbili na mabango ya fukwe ukuta mzima. Mteja akija anasitasita kuhusu ile nchi ya kisiwa kule chini ya India, je, ni salama, kuna nyoka, tutakula nini jamani, alipelekwa moja kwa moja kwenye meza yake. Na alikuwa fundi! Habari za bahari aliwaachia wenye mabango. Yeye alisema hivi: "Ukishuka kituo cha treni, mnara wa saa uuache mkono wa kulia, ufuate njia ya mawe. Utaona nyumba ya wageni ya ukuta wa njano, mlango wa kijani. Mlango una ukaidi, lazima uusukume kwa goti. Chumba cha mwisho kina dirisha, na nje ya dirisha kuna mti wa maua meupe. Mie ndimo nilimolala." Mteja akishasikia habari ya goti, basi, kwisha. Uongo wenye goti, nani ataukataa?

Basi akaenda kwa mpiga picha, akaambiwa ainue kidevu na asicheke. Akarudi kufunga ofisi, bahasha mkononi, anawaza atajisingizia ugonjwa gani kesho ili asionekane kazini. Pasipoti aliichukua mwaka alioajiriwa na hajawahi kuitumia. Bosi akiifungua tu, ameumbuka.

Taa ya ngazi ilikuwa imeungua. Alipofika kona ya mwisho ya ngazi, akaona mtu ameketi kwenye kidato cha juu, kofia magotini.

"Nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

Alikuwa mwalimu mstaafu. Mzee huyu alikaa wiki tatu hajui aende kisiwani au asiende, kila baada ya siku mbili anakuja na daftari la maswali, mpaka Kisiwa akamwambia, "Mwalimu, nenda. Ukijuta, nilaumu mimi." Alikuwa amerudi juzi tu.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona umekaa gizani?"

"Marahaba. Nilitaka nikukute peke yako." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliye chumba cha mgonjwa. "Hoteli mliyonikatia ilikuwa na kelele, sikupata usingizi. Nikasema, ngoja niitafute ile nyumba yako. Mnara wa saa upo. Njia ya mawe ipo. Nyumba... ipo."

"Ipo?"

"Mlango unasukumwa kwa goti."

Kisiwa akashika ukingo wa ngazi. Akajikaza. Nchi nzima ikose nyumba moja ya njano? Ni bahati tu. Milango mibovu iko dunia nzima.

"Chumba cha mwisho hawakunipa," mwalimu akaendelea. "Walinionyesha kwa mikono kwamba kina mtu. Jioni ya pili nilikuta mlango wake wazi kidogo. Bibi mmoja amekaa kitandani, kaelekea dirishani. Chumba kinanuka dawa ya kuchua. Nikamwamkia tu kwa mazoea, shikamoo."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Akaitika marahaba."

Chini barabarani pikipiki ilipita, ikatokomea.

"Kule, mwanangu! Wiki nzima naongea na watu kwa vidole. Nikajua nimechoka, nasikia mambo. Lakini akaniuliza swali. Akasema, 'Kitinda hajambo?' Nikamwambia simjui Kitinda. Akasema, 'Unamjua. Ndiye aliyekuleta. Mwambie ni kuzuri kama alivyonisimulia. Mwambie namngoja.'"

Pale ofisini hakukuwa na mtu anayelijua jina hilo. Kisiwa ndiye kitindamimba wa kwao, na mtu mmoja tu hapa duniani alimwita Kitinda. Mtu huyo alizikwa miaka sita iliyopita.

"Ni nani wako yule?" mwalimu akauliza.

Angeweza kusema. Ilikuwa nafasi yake, gizani, mbele ya mzee mwenye huruma.

"Simjui," akasema.

Mwalimu alimtazama vile alivyozoea kuwatazama watoto walionakili majibu ya jirani. Kisha akavaa kofia, akashuka ngazi polepole, hakuaga.

Niwape habari yenyewe, ingawa inatia haya kuisema.

Miaka sita nyuma, mama yao alipooza upande mmoja. Dada mkubwa alimuuguza peke yake miezi minane. Alimgeuza, akamwosha, akamsafisha vidonda vya mgongo, akamchua mguu usiosikia. Siku moja akampigia simu Kisiwa: "Mdogo wangu, nimechoka. Njoo unipokee wiki mbili tu." Na Kisiwa akaona kinyaa. Tuliseme lilivyo. Alimwonea kinyaa mama yake mzazi, ile harufu ya dawa na vidonda, ule mdomo uliopinda. Akasema kazi imempeleka kisiwani, ndege ni usiku huohuo. Kumbe alikwenda upande wa pili wa mji uleule, akapanga chumba kwenye nyumba ya wageni, akalala humo siku kumi na nne na televisheni ikijisemea yenyewe. Ukuta wa njano ulikuwa wa pale. Mlango wa goti ulikuwa wa pale.

Siku ya kwanza mama aliomba apewe simu.

"Kukoje huko, Kitinda?"

Kisiwa akatazama chumba alichokuwamo, akamweleza. Maua meupe aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa mama alipenda maua.

"Ukipona nitakuleta, mama. Utalala chumba hikihiki."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Halafu akazima simu asisumbuliwe. Siku ya tisa mama akafariki. Kisiwa alitokea siku ya kumi na tano, msiba umekwisha, akalia kwa sauti kuliko waliouguza, na watu wakampa pole ya safari ndefu. Alizipokea zote. Pole hizo ndizo zilizokuwa zikimwamsha usiku miaka yote hii, akijifunika shuka usoni kama kuna mtu anamwona.

Sasa alisimama pale juu, akisikiliza hatua za mwalimu zikiishia chini. Mlango wa barabarani ukafunguka. Ukajifunga.

Kimya.

Kisha, chini kabisa...

Ta. Shwaaa.

Alidhani ni mfagizi.

Ta. Shwaaa.

Mguu mmoja unakanyaga. Mwingine unaburutwa.

Harufu ikatangulia kupanda. Dawa ya kuchua, ile kali, inayokaa kooni.

Kisiwa aliingia ofisini mbio, akafunga kwa ufunguo, akaegemeza mgongo mlangoni. Bahasha ya picha ilimponyoka huko nje. Hakujua amempigia simu nani mpaka alipomsikia dada yake.

"Dada..." Alikuwa ananong'ona. "Mwaka ule wa mama. Sikwenda popote."

Kwa dada kulikuwa na sauti ya vyombo vikioshwa. Maji yakafungwa.

"Najua," dada akasema.

"Unajua?"

"Siku ya nne dawa ya kuchua iliniishia, nikaifuata upande ule. Nikakuona dirishani. Ulikuwa unapaka rangi kucha."

Kisiwa alitamani sakafu ipasuke immeze. Miaka sita! Kila sherehe, kila msiba, dada huyu amekuwa akimwandalia chakula, akimwita mdogo wangu, na anajua.

Ta. Shwaaa. Ghorofa ya kwanza sasa.

"Mbona hukuniumbua?"

"Nikuumbue kwa nani? Kila anayekuja kumjulia hali, mama anamsimulia wewe. Mwanangu yuko ng'ambo, nje ya dirisha lake kuna maua meupe, nikipona ananipeleka. Ndiyo furaha pekee aliyokuwa nayo. Nimnyang'anye na hiyo?" Dada akavuta pumzi. "Ila kuna neno sikuwahi kukupa. Nilikuhurumia."

"Nipe."

"Alipokuwa anakata roho alifumbua macho, akatazama ukutani, akatabasamu. Mdomo ukamnyooka kabisa, kama zamani. Akasema, 'Nimefika.' Halafu akawa anageuza kichwa, anatafuta. Akasema, 'Mbona Kitinda simuoni?' Aliuliza hivyo mpaka mwisho. Mimi niko hapo nimemshika mkono, na ananiuliza wewe uko wapi."

Kisiwa alilia kimya, ngumi mdomoni. Safari hii hakukuwa na wa kumsikia na kumpa pole.

Hatua zikasimama nyuma ya mlango.

Kitasa hakikuguswa.

Mlango ukasukumwa. Chini. Pale linapofikia goti.

"Dada, kuna mtu mlangoni."

Sauti ya dada haikuwa na mshangao hata kidogo.

"Basi mfungulie."

Mlango ukasukumwa tena, taratibu, kwa subira ya mtu aliyezoea kusubiri.

Hakufungua.

Nawaambia, hata mara hii hakufungua. Alibana mgongo mlangoni, macho kayafumba, mpaka zile hatua zilipogeuka na kuanza kushuka, kidato kimoja kimoja, na kila kidato ulikuwa ni mguu wa mgonjwa usio na wa kuushika. Ndipo alipofungua. Ngazi ilikuwa tupu. Bahasha yake ya picha ilikuwa imeegemezwa vizuri kwenye kizingiti.

Nyumbani aliitoa pasipoti chini ya nguo sandukuni, akaikagua chini ya taa kurasa zote, moja moja. Nyeupe. Hata alama ya kidole haikuwemo. Akasema, afadhali. Kesho ataifungua mwenyewe mbele ya bosi, aseme, aaibike, ayamalize. Akailalia chini ya mto.

Asubuhi hakusubiri hata bosi aketi.

"Bosi, mimi sijawahi kwenda kule. Nilidanganya. Nimekudanganya wewe, wateja wote, na mama yangu akiwa mgonjwa kitandani. Pasipoti hiyo hapo, tazama, haina kitu."

Alikuwa analia. Bosi aliichukua pasipoti, akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Kisha akaanza kucheka, mabega yanaruka.

"Wewe nawe kwa vituko! Umenishtua mwenzio. Na hiki ni nini?"

Akaigeuza, akamwonyesha.

Katikati ya ukurasa kulikuwa na muhuri. Wino wa bluu, umeanza kupauka. Jina la ile nchi, neno la kuingia, na tarehe.

Tarehe ya siku ya tisa.

"Sijawahi kwenda," Kisiwa akarudia.

"Ila wamezembea hawa watu," bosi alisema, akipekua mpaka jalada la nyuma. "Wamekugongea wa kuingia tu. Wa kutoka haumo. Kwa karatasi hii, mwenzangu, miaka sita hii wewe uko kulekule." Akacheka tena, akaenda zake kwenye kompyuta.

Kisiwa alibaki amesimama na aibu yake. Alikuwa ameileta mwenyewe, mikono miwili, na hakuna aliyetaka kumpokea. Aliinua ukurasa ule karibu na uso. Ulinuka dawa ya kuchua.

Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema dada ana shida, nyumba ina mafundi. Uongo mwingi ulimjia, wote mzuri, wote una goti.

"Haya," bosi akasema, vidole juu ya vitufe. "Kwenda nimeweka tarehe kumi na nne. Kurudi niweke lini?"

Nje, kwenye ngazi, hakukuwa na sauti yoyote. Kulikuwa na ule ukimya wa mtu aliyesimama anasubiri jibu.

"Iache wazi," Kitinda akasema.