Zamu Atazaa Wapi?

Epifania alitoka nje na bakuli la makombo.

"Zamu! We Zamu!"

Kimya. Kuku ndio waliokuja mbio. Epifania akawafukuza kwa mguu.

"Amekwenda tena," alimwambia mumewe.

Pasikali alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Hakuinua macho. "Amekwenda wapi?"

"Baba Esteri, unauliza? Mahame!"

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 1976. Familia ya Pasikali ilikuwa imehamia kijiji kipya upande wa Busunzu miaka miwili iliyopita. Watu wote walihama, na nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara. Lakini mbwa wao Zamu hakukubali kuhama. Kila alipopata nafasi alirudi kwenye mahame, yaani pale walipoishi zamani. Ni mwendo wa saa nzima. Pale palibaki migomba, mafiga matatu na kipande cha ukuta wa jiko.

Siku nyingine watu walicheka tu. Sasa Zamu alikuwa na mimba, na Epifania hakuona cha kuchekesha.

Mwaka uliopita Zamu alikwenda kuzaa huko huko. Epifania alimkuta siku ya tatu. Siafu walikuwa wameua watoto wote wanne. Zamu mwenyewe alikuwa amevimba uso, macho hayafunguki. Alilala mwezi mzima bila kulinda shamba. Nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi. Walichobakiza hakikujaza hata magunia mawili. Epifania aliijua vizuri njaa ya mwaka ule. Yeye ndiye aliyekuwa akipika.

Jioni Zamu alirudi, tumbo linaning'inia. Pasikali alikuwa anamngoja na kamba.

"Leo namfunga. Atazaa hapa, apende asipende."

Akamfunga jikoni, karibu na moto.

"Na chakula umpunguzie, mama Esteri. Akila sana watoto watanenepa, washindwe kutoka."

Ndivyo walivyosema watu wengi pale kijijini. Epifania hakuwa na uhakika, lakini alipunguza.

Baada ya wiki moja Bwana Athuman alifika kwa baiskeli. Alikuwa bwana mifugo, mtu wa Kasulu mjini aliyehamishiwa kijiji cha jirani. Alikuja kuchanja mbwa wasipate kichaa. Alipoingia jikoni kwa Epifania alisimama ghafla. Zamu alikuwa amezunguka nguzo mpaka kamba imemkaba. Alihema, ulimi nje, macho mekundu kwa moshi.

"Mawe! Mama wee!" Epifania alipiga kelele. Akachukua kisu, akakata kamba.

Athuman alichuchumaa, akampapasa Zamu tumbo na mbavu.

"We Athuman," Pasikali alisema kwa utani, "Mwislamu wewe, unashika mbwa?"

"Nitanawa, mzee. Wewe umetaka kumnyonga, utanawa nini?"

Epifania alicheka. Pasikali hakucheka.

"Huyu amechanjwa?" Athuman aliuliza.

"Bado."

"Basi nitamchanja akishazaa na kunyonyesha. Mimba yake ina muda gani?"

"Nani anahesabu mimba ya mbwa?" alisema Pasikali.

"Mimi," alisema Epifania. "Madume yalijaa hapa uani wiki ya Krismasi. Nilikosa usingizi."

"Vizuri sana, mama. Mimba ya mbwa ni wiki tisa hivi. Amebakiza kama wiki mbili." Athuman alizigusa tena mbavu za Zamu. "Mbona amekonda?"

Epifania alimtazama mumewe. Pasikali alitazama paa.

"Tulimpunguzia chakula, ili watoto wawe wadogo," alisema Epifania.

"Hapana, mama. Mnampunguzia nguvu za kusukuma, na maziwa pia. Mwongezee. Mpe kidogo kidogo mara tatu kwa siku, maana tumbo limejaa. Ugali, maharage, mchuzi wa dagaa. Na maji yasikauke."

"Sawa. Lakini akinenepa atapata nguvu ya kwenda mahame."

"Huko mahame analala wapi?"

"Nyuma ya ukuta wa jiko, juu ya gunia letu kuukuu."

"Pakoje?"

Epifania alifikiri. "Pana giza. Pakavu. Hapiti mtu."

"Na hapa mlitaka azalie wapi?"

"Hapa hapa jikoni," alisema Pasikali, "au mlangoni, alinde nyumba."

"Jikoni kuna moshi. Mlangoni watu wanapita kutwa. Mama anayetaka kuzaa anatafuta pa kujificha. Mkimpa mahali pa namna hiyo hapa, hatakwenda mbali. Lakini mpeni sasa, apazoee. Msingoje uchungu."

Pasikali alikuna kichwa. "Mimi nimjengee mbwa nyumba? Watu watasema nimerukwa na akili."

"Nguruwe walipokula mahindi walisema nini?" aliuliza Epifania. "Chukua panga, baba Esteri."

Walijenga kibanda nyuma ya nyumba, mbali na njia. Pasikali aliinua sakafu kwa udongo ili maji ya mvua yasiingie. Akaweka mlango mdogo. Epifania alikwenda mahame akaleta lile gunia. Alilikung'uta, akalianika juani, lakini hakulifua, kwa sababu Athuman alitaka Zamu akute harufu anayoijua. Chini ya gunia akatandika nyasi kavu. Kuzunguka kibanda akamwaga majivu kuzuia siafu, na kila mvua iliponyesha alimwaga mengine.

Siku ya kwanza Zamu alinusa akaondoka. Siku ya pili aliingia, akatoka. Siku ya tatu Epifania alimkuta amelala juu ya gunia, pua mkiani. Alirudi ndani kwa kunyata.

Jumamosi moja Zamu alikataa chakula. Alitetemeka, akakwaruza nyasi kwa makucha.

"Leo ndiyo leo," alisema Epifania.

Mchana mtoto wa kwanza alitoka. Zamu alipasua ngozi iliyomfunika, akakata kitovu, akamlamba. Halafu akala kondo la nyuma.

"Anakula nini yule? Mzuie!" alisema Pasikali.

"Mwache. Ndivyo walivyo."

Wa pili alitoka salama. Wa tatu alitoka, lakini Zamu alikuwa amechoka. Alilaza kichwa, hakugeuka. Kitoto kilibaki ndani ya ngozi yake, hakisogei.

Epifania alikuwa amenawa mikono kwa sabuni. Alipasua ngozi kwa vidole, akafuta pua na mdomo, akamsugua mtoto kwa kitambaa kikavu. Akasugua. Akasugua tena.

"Nyii," kitoto kililia.

Epifania akakiweka kwenye chuchu.

Kisha hakikutoka kingine. Redio ya dukani kwa Khatibu ilisoma habari za saa kumi. Zamu alilala tu. Pasikali alikunja mkono wa shati.

"Wengine wamekwama. Natia mkono."

"Thubutu! Anasukuma?"

"Hapana. Anapumzika."

"Basi mwache apumzike. Athuman alisema akitulia tunaweza kungoja hata kwa muda wa saa mbili. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kutoka, unapanda baiskeli ukamwite. Nenda ukatie upepo magurudumu."

Pasikali alikwenda. Aliporudi na pampu mkononi, wa nne alikuwa ananyonya. Wa tano akafuata.

Wiki tatu Pasikali alilinda shamba mwenyewe, akipiga debe kuwafukuza nguruwe. Zamu alinyonyesha na kula kwa mafungu. Kisha akarudi kazini, kwanza asubuhi tu, baadaye siku nzima. Athuman akaja kumchanja. Watoto wote watano waliishi. Mwezi wa tano Epifania alivuna magunia kumi na moja.

Kabla ya hapo, watoto wakiwa bado wananyonya, jirani yao Venanti alikuja kuomba mbwa mmoja.

"Nimesikia mlimjengea nyumba," alisema akicheka. "Mbwa wangu naye ana mimba. Si atazaa mwenyewe huko porini?"

"Njoo uone kwanza," alisema Pasikali. "Tembea taratibu. Usiongee kwa sauti."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Zamu alitoka kibandani, akasimama mbele ya wanawe, akaonyesha meno. Pasikali alirudi nyuma hatua mbili, akamvuta Venanti shati.

"Tuishie hapa, ndugu yangu," alisema. "Kwake ni pale."