Vigingi Mfukoni mwa Mjomba

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa viti nje. Tulikuwa na chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa karakana ya Mama mchana, na usiku ikawa mahali pangu pa kulala, katikati ya viti vibovu. Vingine vilikuwa na miguu mitatu, vingine migongo imeng'oka, vingine vimepakwa vanishi jana yake na bado vinanata. Nilivitoa barazani kimoja kimoja, nakohoa kwa harufu ya vanishi na kunung'unika. Mama aliniambia ninung'unike polepole kwa sababu majirani wamelala.

Mama alikuwa fundi wa viti vya kale. Alivinunua mnadani, akavipiga msasa, akavisuka upya vikalio, kisha akaviuza kwa watu wenye nyumba kubwa. Lakini mnadani hakunyoosha mkono yeye. Hiyo ilikuwa kazi ya mdogo wake, Mjomba, mtu wa maneno mengi na koti refu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Mama alikagua, Mjomba akanunua. Na huyo Mjomba alikuwa na bahati, jamani! Vitu ambavyo ungedhani watu watavigombania, yeye alivipata kwa bei ya kuokota. Mama hakuchoka kumsifu, akisema mdogo wake kazaliwa na nyota.

Mimi Mjomba aliniita Kibiriti, kwa kuwa nawaka upesi. Sikuona ubaya, maana ni kweli. Hasira hizo nilizirithi kwa Mama, ila yeye alikwisha kujifunza kuzifunika.

Siku moja Mama alisikia kwamba kuna viti sita vya kale vitakavyopigwa mnada Jumamosi. Mwenye hoteli ya barabarani alikuwa akitafuta viti vya namna hiyo hiyo kwa ukumbi wake. Mama akaniambia tukivipata, tutapanga chumba kilicho wazi nyuma ya nyumba, karakana ihamie huko, na ile nusu iwe yangu peke yangu. Nilikwisha kuchagua hadi ukuta wa kupigilia rafu ya vitabu vyangu.

Ijumaa nilipotoka shule nilikwenda na Mama na Mjomba kuvitazama. Siku moja kabla ya mnada, ukumbi hufunguliwa ili wanunuzi wakague. Kiti hakikaguliwi usoni. Unakipindua, unatazama tumboni, unatikisa miguu. Viti hivyo vilikuwa vya mti mwekundu mgumu, migongo imechongwa majani, wala havikuwa na msumari hata mmoja. Kila mguu ulishikwa na kigingi cha mti, chembamba kama kidole changu cha mwisho, kilichopigwa kikaingia tunduni barabara. Mama alivipapasa bila kusema neno. Nilijua amevipenda, kwa sababu kitu asichokipenda hukikosoa papo hapo. Kisha akaenda kukagua makabati upande wa pili wa ukumbi.

Bibi mmoja aliyevaa raba nyeupe alikuwa ameketi karibu na viti vile. Aliniuliza ni mtoto wa nani, nikamwambia, naye akasema viti ni vyake. Alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na yeye na marehemu mumewe walivinunua walipoanza maisha. Alipozungumza alitazama pembeni ya uso wangu, nikatambua kwamba haoni vizuri. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimwambia akipasuliwa ataona tena, na viti ndivyo vitakavyolipia.

"Nimewashona watu vidonda maisha yangu yote," akasema, "na leo kutia uzi kwenye sindano kumenishinda."

Alicheka kidogo, nami nikacheka kwa adabu. Hapo ndipo nilipomwona Mjomba.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, anajifanya kufunga kamba ya kiatu. Alitoa koleo dogo kwenye koti, akang'oa kigingi, akakitia mfukoni. Akahamia kiti cha pili, akafanya vile vile. Kisha akasimama, akakitikisa kiti kwa nguvu na kuwaambia wanunuzi wengine, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba hivi mdudu keshavila, hebu watazame mguu unavyocheza. Wanunuzi wakasonya, wakaenda zao.

Bibi aligeuza uso kuifuata ile sauti. "Anasema vyangu?" akaniuliza.

Nilitoka nje nyuma ya Mjomba, nikamshika koti na kumwambia nimemwona. Hata hakushtuka. Alisema hajaiba kiti cha mtu, ameazima vigingi tu. Kesho tukishanunua atavirudisha mahali pake na viti vitakuwa vizima.

"Biashara ni macho, Kibiriti," akasema. "Asiyeona, shauri yake."

Alisema hivyo, na bibi wa watu yumo mle ndani, anapapasa kiti kilichong'olewa vigingi bila kujua! Nilitamani kumng'ata. Naye alipoona nimefura akainama, akaniuliza kwa upole kama chumba nakitaka au sikitaki.

Njia nzima nilijiburuta nyuma ya Mama. Mama alidhani nimechoka. Alikuwa na furaha, anazungumza juu ya kile chumba cha nyuma, dirisha lake na namna atakavyolipaka rangi. Kinywa changu kilikuwa tayari kusema, lakini wazo moja likanifunga. Je, kama Mama anajua? Je, kama hiyo ndiyo nyota yenyewe anayoisifu kila siku? Nilimkasirikia Mjomba, nikamkasirikia Mama kwa jambo ambalo sikuwa na hakika nalo, na chakula cha jioni nikakila bila kujua ninachokula.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Dalali, mwanamume mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa amekwisha kupigia nyundo vitanda na kioo kikubwa. Bibi aliketi mstari wa mbele na raba zake nyeupe, mikono magotini. Viti vyake vilipoletwa, mchukuzi aliinua kimoja na mguu ukaanguka sakafuni. Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama mwenye viti anauza kuni.

Dalali alitaja bei, kimya. Akaishusha, kimya. Akaishusha tena, ndipo Mjomba akainua kidole kivivu, kama mtu anayewasaidia. Bibi aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, anatafuta sauti nyingine ya kuongeza bei. Hakuipata. Dalali akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili.

Niliona ile nyundo inapanda. Sikungoja nijue kama Mama anajua au hajui. Nilitumbukiza mkono kwenye mfuko wa Mjomba, nikavitoa vile vigingi, nikasimama juu ya benchi.

"Viti hivi si vibovu," nikasema. "Vigingi vyake hivi hapa. Mjomba wangu aliving'oa jana."

Mjomba alicheka, akasema mtoto huyu ana wazimu kidogo. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mama tu. Uso wake ulibadilika rangi, na hapo nilijua kwa hakika kwamba alikuwa hajui. Alichukua kigingi kimoja kwenye kiganja changu, akakigeuza, akaona alama za koleo. Alipita katikati ya watu hadi mbele, akavipindua viti vilivyong'olewa, akaurudisha mguu ulioanguka, akavua kiatu, akavipigilia vigingi kwa kisigino, kimoja baada ya kingine, kwa nguvu mno hivi kwamba hakuna aliyethubutu kukohoa. Kisha akavisimamisha viti vyote sita na kumwambia dalali akae.

Dalali alikaa na unene wake wote. Kiti hakikulia hata kidogo.

"Anza upya," Mama akamwambia, "na sisi tutoe humo."

Dalali alianza upya. Bei ilipanda, ikatupita, ikaenda ambako tusingeifikia hata kwa ngazi. Viti vilichukuliwa na mwanamke mmoja aliyevitazama kwa mapenzi, na bibi akashika kifua kwa mikono miwili. Dalali alimwambia Mjomba mbele ya watu wote asikanyage tena ukumbini kwake. Nami nilikiaga chumba changu pale pale, na sitasema uongo, kiliniuma.

Nje, Mama alimwuliza Mjomba juu ya ile meza ya mviringo aliyoipata zamani kwa bei ya kuokota. Mjomba akatazama chini. Akamwuliza juu ya kiti cha kuegemea cha yule mzee aliyekuwa anahama. Mjomba akaendelea kutazama chini.

"Kumbe nyota yako ni koleo," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sijapata kuogopa sauti kama ile. "Miaka yote nakusifu kwa watu. Nimemlisha mwanangu vitu vya kunyang'anya watu, na sikujua."

Mjomba alilia. Sikumhurumia. Mama alimwambia avue koti, na tulipofika nyumbani alichukua sindano kubwa ya kushonea vikalio na kuishona midomo ya mifuko yote, ya nje na ya ndani, kwa uzi wa katani. Akamrudishia, akamwambia hilo ndilo koti atakaloendelea kulivaa akitaka kufanya kazi naye. Kisha wakaenda pamoja kwa wenye vitu wale aliowakumbuka, kuomba radhi na kuwatengenezea samani zao bure. Mmoja aliwasamehe. Mwingine alisikiliza hadi mwisho, kisha akawafungia mlango, na Mama alisema ana haki.

Mwenye hoteli alipata viti kwingine. Mimi niliendelea kulala na miguu ya viti, hadi siku moja mgeni alipobisha hodi barazani. Alikuwa ni bibi muuguzi, macho yake maangavu. Alinitazama usoni kabisa, akasema alidhani mimi ni mkubwa zaidi, kwa jinsi nilivyopaza sauti siku ile. Halafu nikakohoa. Akauliza nalala wapi, akachungulia ndani, na uso wake ukakunjamana.

Loo, siku ile nilipata mwenzangu wa hasira! Alimketisha Mama na kumwambia kinagaubaga kwamba kifua cha mtoto na harufu ya vanishi havilali chumba kimoja, na kwamba kama hana pesa za kupanga chumba basi ajenge banda, mbao si anazo? Mama akamgeukia Mjomba, aliyekuwa akipiga msasa barazani, akamwambia ameshasikia, na kazi hiyo ni yake.

Mjomba akaanza kujenga banda nyuma ya nyumba. Jioni moja nilikaa na Mama tukimtazama, nikamwuliza kama alinikasirikia siku ile kwa kumwaibisha mbele ya watu.

"Nilikasirika," akasema. "Kisha nikafikiri. Watu husema hasira hasara, na mara nyingi ni kweli, hasa hasira ya mtu anayejipigania mwenyewe. Lakini wewe ulikasirika kwa ajili ya mtu aliyekuwa anadhulumiwa, na ulijua utakosa chumba. Hasira ya namna hiyo usiizime, mwanangu. Ila wakati mwingine niambie siku hiyo hiyo. Usinidhanie ubaya kimya kimya wakati naweza kuulizwa."

Nikamwahidi. Kisha nikamwita Mjomba nimwulize banda litakwisha lini. Hakunijibu. Kwa kukosa mifuko, misumari yote alikuwa ameibana midomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mjomba alifanya kazi hadi jua likazama bila kusema neno.