Maziwa ya Wake Wawili

Mimi naitwa Zilpah. Nauza chai na mahamri mbele ya lango la gereza, hapa kwetu Garissa. Wenye watu wao ndani hukaa kwenye benchi langu wakingoja kuitwa. Kwa hiyo naona mengi, na mdomo wangu haujui kunyamaza.

Ogle alikuwa mahabusu. Kesi yake ya ngamia ilikuwa bado haijasikizwa. Ana wake wawili: mkubwa ni Istahil, mdogo ni Raho. Kila siku ya kuona wafungwa, kila mmoja alimletea maziwa ya ngamia. Na kila mmoja alikagua mtungi wa mwenzake kabla ya kukaa. Wivu, jamani! Hata salamu walipeana shingo upande.

"Mtungi wa Raho umejaa mpaka shingoni," Istahil aliniambia siku moja, macho mekundu. "Maziwa yangu yamepungua. Ogle ataona nani anampenda."

"Si ununue mengine?"

"Pesa za kununua sina, Mama Chai. Lakini wallahi, huyo msichana hatanishinda!"

Wiki iliyofuata mtungi wa Istahil ulijaa hadi kifunikoni. Nilishangaa, lakini nikamimina chai yangu.

Siku chache baadaye lango lilifungwa. Afande Gitau alitoka, uso umemshuka. "Leo hakuna kuona mtu. Kuna kipindupindu ndani. Chakula cha nje hakiingii."

Ogle alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Wanawake wakaanza kulia. Ndipo muuguzi wa gereza, Sista Kathure, akatoka na kumwita Raho pembeni.

Istahil aliruka. "Mimi mke mkubwa nafungiwa, yeye anaitwa! Amemhonga nani?" Akamkamata Raho buibui. Nilijitia katikati, na chai yangu yote ikamwagika.

"Nimemwita kwa sababu alikuwa karibu," Sista alisema. "Nauliza kila mtu swali hilo hilo. Maziwa mliyoleta, mliyachemsha?"

"Hapana, sista," Raho akajibu. "Sisi tunakunywa hivyo hivyo."

"Mlitia maji?"

"Mimi sikutia."

Istahil aliuachilia mkono wake kwenye buibui la Raho. Kisha akaketi chini, pale pale vumbini.

"Mimi nilitia. Maji ya mto. Nilitaka mtungi ujae kama wake." Akashika kichwa. "Sista, nimemuua mume wangu?"

"Sijui kama ni mtungi wako," Sista alisema, akachuchumaa karibu naye. "Maji machafu yana njia nyingi. Lakini ndani watu wamebanana. Wanachangia kikombe, wanachangia choo. Ugonjwa ukiingia, unakimbia. Sasa tumewatenga wagonjwa. Kila mtu ana kikombe chake, na maji ya kunywa tunayatia dawa."

"Na Ogle?"

"Anaharisha maji matupu. Mwili unakauka. Tumemtundikia dripu, na tunamnywesha dawa ya chumvi na sukari. Amewahiwa. Hatari ni kwa yule anayeficha kwa aibu."

Raho naye alikuwa analia. "Abaayo, dada yangu," alimwambia Istahil, "hata mimi sikuchemsha."

"Basi mchemshe," Sista alisema. "Maji ya kunywa yatokote. Maziwa pia yatokote. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, na kabla ya kushika chakula. Na mtu akiharisha nyumbani, mnyweshe dawa hiyo ya chumvi na sukari, ile ya pakiti, njiani mkimkimbiza hospitali."

Siku zilizofuata Istahil alikuja kila asubuhi kuuliza hali tu. Hakunywa chai. Raho alikuja naye, na waliketi benchi moja.

Hatimaye wagonjwa wapya wakaisha, na lango likafunguliwa. Ogle alikuwa amekonda, lakini alikuwa anasimama. Sista aliruhusu tena maziwa yaliyochemshwa, kwenye chombo kilichooshwa kwa sabuni.

Siku hizi wale wawili huchemsha kwa sufuria moja, ya Raho. Wivu umeisha? Thubutu! Sasa wanabishania nani achochee moto. Lakini huleta mtungi mmoja.

Wiki iliyopita niliuona umefika nusu tu. Nikamtania Istahil. "Leo mmenyimwa na ngamia? Lete nikujazie. Maji yangu ya chai yamechemka vizuri."

Hakucheka. Aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili.

"Wacha hivyo hivyo, Mama Chai," alisema. "Anajua nampenda."