Spiriti ya Majani

Treni ya Midrand ilipowamwaga watu Park Station, mtandio wa zambarau wa Mayasa ulinasa kwenye zipu ya begi la kaka mmoja.

"Usivute, dada, utachanika. Mimi fundi cherehani."

"Fundi gani anayetega watu stesheni?"

"Burhani wa Yeoville. Nimetega wateja, nimenasa hurulaini."

"Eish! Nifungue niende!"

Alimfungua polepole mno.

Kuanzia hapo wakawa kama watu waliolala wakiota ndoto moja. Walipanda vilima vya Observatory, maua ya jakaranda yakiwadondokea mabegani. Usiku, simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

Burhani akamwomba shangazi yake aliyeko Tanga apeleke posa kwa kina Mayasa.

Jioni moja alimwinamia kumfunga mtandio, pua yake ikakutana na harufu ya pombe, na chini yake bhangi.

"Mayasa, unakunywa?"

"Niulize lingine, Burhani."

Angejibu nini? Wakubwa wa kiwanda alichofanyia kazi huko Midrand waliwaapisha wafanyakazi wasiseme kazi yao nje. Wenye kula kwa mikono miwili huogopa hata midomo ya wanaowaoshea mapipa.

Burhani akampigia shangazi: posa isiende. Simu za Mayasa hakupokea. Akazipoteza kwa kununa siku nzuri kabisa, siku ambazo hakuna awezaye kumrudishia mtu.

Mayasa akamfuata kwenye kibanda chake cha ushonaji.

"Wakinifukuza, wanifukuze. Tunakamua majani ya bhangi. Zamani wakubwa walitaka maua tu, majani wakiyachoma. Sasa tunayaloweka kwenye spiriti baridi ya miwa, inavuta mafuta ya dawa. Tunaichemsha, mvuke unapoa, spiriti inarudi pipani kufanya kazi tena. Makapi yanakuwa mbolea. Hakitupwi kitu. Harufu tu ndiyo narudi nayo mimi."

Burhani akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kumbe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Ungeuliza mara ya pili."

"Niliogopa jibu."

Akanyakua simu. "Shangazi, shikamoo. Ile posa, ipeleke leo leo!"

"Marahaba. Leo tena? Niliipeleka wiki ile ile uliyoniambia isiende. Nani asikilize maneno ya mwanamume aliyenuna? Wamekubali, wanasubiri uchangamke."

Burhani akageuka. Mayasa alikuwa ameuma ncha ya mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ulijua?"

"Mama alinipigia siku hiyo hiyo posa ilipofika."

"Na ukaniacha niteseke?"

"Nilitaka mume anayeijua kazi yangu. Haya, zima cherehani, unipeleke nikale."