Ukoo wa Zaremba Wakaribishwa Kyimo

Kama unakula, meza kwanza. Mambo ya Kyimo hayasimuliki na tonge mdomoni.

Ilianza na sabuni. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya Tukuyu yamejaa sabuni za kila rangi baada ya ule uhaba wote, na Atupele, mke wa mwalimu Jairo, alikuwa amejinunulia moja ya kunukia. Asubuhi akaikuta ina alama za meno. Akalaumu panya. Kesho yake ukaliwa mshumaa pamoja na utambi wake. Halafu akamkuta binti yao Tulia, wa miaka mitano, nyuma ya nyumba, anatafuna kiatu kikuukuu cha ngozi, ute mweusi unamchuruzika kidevuni.

"Tulia! Tema!"

Mtoto akameza. "Bado nina njaa, mama." Pumzi yake ilinuka ngozi mbichi iliyolowekwa ikasahaulika. Atupele akatapika palepale.

Sasa huyu Jairo. Mama yake, Veronika, ni chotara. Alizaliwa Kidugala, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi waliokuja wakati wa vita kuu ya pili. Kambi ilipofungwa, mama yake akapandishwa meli, naye akabaki kwa shangazi wa Kinyakyusa, anaitwa mtoto wa kuokotwa mpaka ameota mvi. Jairo alitaka kumjua bibi yake. Wageni wa Kipolandi walipoanza kuja kutazama makaburi ya Kidugala, akapanda basi, akawauliza, akarudi na jina la ukoo: Zaremba.

Basi angekaa nalo! Wapi. Aliingia mgombani tunakoongea na wazee wetu waliotangulia, akamwaga maziwa, akaweka sahani ya ndizi, akaita kwa sauti: "Zaremba wote, wakubwa kwa wadogo, karibuni nyumbani, mle!" Mwalimu mzima!

Wakaja.

Dawa za minyoo hazikusaidia. Tulia alikataa ugali, akakataa maziwa, akataka vilivyooza tu. Alikonda miguu, tumbo likavimba. Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na katika ile mvua ya kupiga bati Atupele akasikia kutafuna, kwanza chini ya kitanda, kisha ukutani, kisha darini, vinywa vingi vinatafuna pamoja bila kupumzika, vinalamba, vinafyonza, na alipokimbilia zizini kumtafuta mwanawe alimkuta amepiga magoti kwenye kinyesi nyuma ya ng'ombe aliyezaa, anavuta kondo la nyuma kwa meno, na kila alipolivuta kuna kitu kisichoonekana kilikuwa kinalivuta upande wa pili.

Akamwambia mumewe kwa kunong'ona, "Jairo, mwanangu anakufa. Kamlete mzee wa Lufingo."

Mzee Andongwisye, mganga, alifika akaziba pua kabla hajakaa.

"Hao uliowaita, walikufaje?"

"Njaa," Jairo alisema chinichini. "Kwenye nchi ya barafu walikofungwa, kabla ya kufika Afrika. Wageni waliniambia walichemsha viatu, wakala. Bibi peke yake alipona, naye alikufa huko kwao bila kushiba tena."

"Na bado ukawaita waje kula? Mjinga wewe! Kwetu marehemu tunamfukuza kwanza, na uchafu wake wote, ndipo tunamkaribisha. Hawa aliwafukuza nani? Twende mgombani. Kila mwenye damu yao atawapa mgongo, ateme mate, aseme hawajui. Mtoto atapona. Lakini atakayewakubali, watamwingia yeye."

Kule mgombani, Veronika amesimama kando yake, Jairo akawapa mgongo. Akatema. "Siwajui. Si wangu."

Tulia, mikononi mwa mama yake, akajipinda kama mtu anayezaa, akatapika. Vilitoka vipande vya ngozi, kucha, nywele ndefu za rangi ya majani makavu ambazo si za mtu yeyote wa nyumba ile, na tope la mafuta lililonuka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akalia kilio cha kawaida cha mtoto, akaomba uji. Atupele alimkumbatia na uchafu wake wote, analia na kucheka.

"Sasa wewe, mama," mganga akamwambia Veronika.

Veronika aliendelea kutazama migomba. Hakugeuka.

"Mama, sema tu," Jairo akamsihi. "Neno moja."

"Miaka yote naambiwa sina mama," alisema. "Leo amekuja, amekonda, ana njaa. Nimwambie simjui? Wewe Jairo ungeweza?"

"Mama, usi—"

"Karibu, mama," Veronika akasema.

Andongwisye akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Veronika akakunja kitenge vizuri, akakaa chini mbele ya yale matapishi, akanawa mikono kwa maji ya mvua. Akaanza kula kwa adabu, kwa mkono wa kulia. Jairo alimvuta bega, na bega lilikuwa baridi kama bati la asubuhi.

"Niache, mwanangu," alisema, kinywa kimejaa. "Wenzangu bado hawajashiba."